Injini Iliyofungiwa Turubai

Injini ilipokohoa, Mariana alikuwa anachambua mchele, na mkono wake ukasimama juu ya ungo. Wanawake wanaopika kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya huku Segese, husikiliza injini namna mama anavyomsikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili. Ikinguruma sawasawa, hewa inashuka chini kwa wachimbaji, na mtu anaweza kuendelea na maharage yake. Ikianza kukatakata, chakula chote kinakosa ladha hata kabla hakijaiva.

Chini kabisa alikuwapo mumewe, Ndaki, na mwenzake Athanas. Injini iliyowapelekea hewa ilikuwa ya pikipiki. Bujiku, msimamizi wa duara, aliichomoa kwenye pikipiki yake iliyogongwa kule Buseresere, akaifunga kwenye kitanda cha mbao na kuiunganisha kwa mnyororo na feni kubwa ya bati. Feni ilivuta hewa ya juu na kuisukuma kwenye mpira mrefu hadi kwenye mwamba. Asicheke mtu. Ilikuwa kazi nzuri, na kwa miezi mingi haikumsumbua yeyote.

Kisha dhahabu ikagoma. Dhahabu ikigoma, watu wa huku hawamtafuti mtaalamu wa miamba, wanamtafuta nfumu. Mganga akaja, akachinja kuku mwekundu, akanusa udongo, akasema duara lina macho mengi: wapita njia, wachuuzi, wanawake. Lizibwe, dhahabu ipate kutulia. Bujiku akanunua turubai jeusi, akauzungushia mdomo wa duara pande zote, akafunika na juu. Mwanamke akakatazwa kuingia. Tangu hapo injini ilikuwa na kikohozi, na Bujiku alishinda ameshika bisibisi, akisema kabureta imezeeka, mafuta ya siku hizi yamechanganywa, na Wachina nao hawana nia njema.

Mchana huo kikohozi hakikuisha. Mariana alimwona Bujiku akitoka ndani ya turubai, macho mekundu yanatiririka machozi, mkono mmoja ameshika kichwa.

"Mama Generosa," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "simu yako ina salio? Mpigie yule Mhindi wako wa spea."

"Kuna nini?"

Bujiku alitazama chini. "Nimevuta kamba. Hawajibu."

Kamba hiyo ilikuwa ndiyo mdomo wao. Wa juu akiivuta, wa chini naye anavuta, na kopo lenye kokoto lililofungwa huku juu linalia. Mariana aliuliza kwa nini hakuna anayeshuka kuwatazama, na jibu alilijua kabla hajaambiwa. Hewa ikiwa mbaya, anayemfuata mwenzake hulala palepale pembeni yake. Wanaume wawili wa roda, lile gurudumu la kupandishia watu na mizigo, walikuwa wameshaishika kamba ya kuvutia watu, lakini wa kuifunga upande wa chini alikuwa hasikiki.

"Injini ikipata nguvu, watapata hewa, watazinduka," Bujiku alisema. "Tuitengeneze kwanza."

Kabla hajaolewa, Mariana alifanya kazi kwenye duka la Rohit, Kambarage mjini Shinyanga, akipanga spea za pikipiki kwenye rafu na kufuta vumbi. Ndiyo maana alizijua plagi na kabureta kwa majina, na ndiyo maana Rohit alipokea simu yake bila kuringa.

"Shikamoo, kaka Rohit."

"Marahaba, Mariana. Habari za siku nyingi? Mtoto mzima?"

"Mzima. Kaka, nisaidie. Injini inakohoa na Ndaki yuko chini."

Rohit hakuuliza chini wapi. Mtu wa Shinyanga anajua. "Isogeze simu kwenye injini, nisikie."

Mariana alimtazama Bujiku. Bujiku aliinamisha kichwa, akamshikia pazia la turubai, amri ya mganga ikakunjwa kidogo kwa sababu ya shida. Ndani kulikuwa na giza na joto, na harufu iliyomkaba koo. Alinyoosha mkono na simu. Injini ilikuwa ikipanda, ikishuka, ikikwama, ikipanda tena.

"Fungueni plagi," Rohit alisema. "Niambie rangi yake."

Waliizima kwa muda mfupi, na ukimya ule Mariana aliuogopa kuliko kelele zote za dunia. "Nyeusi," alisema. "Ina masizi kama sufuria la kuni."

"Inakula mafuta mengi, hewa kidogo. Ifuteni, muirudishe, mwambie fundi wako alegeze skrubu ya hewa. Taratibu."

Bujiku alilegeza. Injini ikachangamka, Mariana akashusha pumzi, kisha ikaanza kukwama tena. Rohit akasema waondoe chujio la hewa, huenda limeziba. Wakaliondoa. Ikachangamka, ikakwama. Bujiku akavuta kamba ya ishara. Kopo halikulia.

"Iongezeni mafuta basi," Bujiku alisema, jasho likimdondoka. "Ikimbie kwa nguvu, hewa ishuke."

"Ngoja kwanza," Rohit alisema kwenye simu. "Mariana, injini hiyo imekaa wapi?"

"Ndani ya turubai."

"Duara limefunikwa lote?"

"Lote. Ni mambo ya dawa."

"Na moshi wa ekzozi unatokea wapi?"

Mariana alilitazama bomba la ekzozi. Lilikuwa limeelekezwa kwenye ukuta wa turubai, na ukuta wenyewe ulikuwa umeota weusi.

"Humu humu," alisema.

"Na feni inavuta hewa ya wapi?"

Mariana aligeuza macho. Feni ilikuwa pale mbele ya magoti yake, ndani ya turubai hilohilo.

"Injini inavuta moshi wake yenyewe," Rohit alisema, sasa kwa haraka. "Ndiyo maana inakohoa. Na feni inawasukumia wale watu moshi huohuo. Mkizidi kuitia nguvu, mnazidi kuwaua. Msiizime, watakosa kabisa. Ondoeni turubai. Mariana, unanisikia? Liondoeni sasa hivi."

Mariana alitoka mbio hadi jikoni kwake, akarudi na panga la kuchanjia kuni. Bujiku alikuwa amesimama mlangoni.

"Ukilikata, duara limekufa," alisema. "Mganga alisema atakayelifungua, balaa litawaangukia walio ndani."

Hapo ndipo Mariana alipoogopa kwelikweli. Jumapili alikuwa mtu wa kanisa, siku zilizobaki alikuwa Msukuma, na dawa hakuwahi kuichezea. Ikiwa mganga alisema kweli, panga lake lingemmaliza Ndaki. Ikiwa Rohit alisema kweli, Ndaki alikuwa anamalizika sasa hivi, mpira ukimlisha sumu kila injini ilipozunguka. Alifikiria macho mekundu ya Bujiku, na kichwa alichokuwa amekishika, na yeye alikuwa juu tu, karibu na mlango.

"Wewe mwenyewe kichwa kinakuuma kwa nini?" alimuuliza.

Mariana akampita, akalipiga turubai panga.

Lilipasuka toka juu hadi chini. Alikata upande wa pili, akavuta kwa mikono, na wale wanaume wa roda, walioona Mariana amekwisha kuvunja mwiko, wakamsaidia kulivuta lililobaki. Moshi ukatoka na upepo ukaingia. Injini ilikohoa mara ya mwisho, ikasafisha koo, ikashika mngurumo mmoja ulionyooka.

Wakakaa kuisikiliza. Mariana alichuchumaa kwenye mdomo wa duara, mahali ambapo hakuruhusiwa hata kupita, akatazama weusi ule usio na mwisho. Alitaka kumwita Ndaki kwa jina na akaogopa kusikia jina lake linarudi peke yake. Bujiku alivuta kamba. Akavuta tena. Mariana alikuwa ameanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea shimoni, kopo lilipotikisika kidogo, mlio wa kokoto chache.

Athanas alitangulia kupandishwa, amefungwa kamba kwapani kama mzigo, akatapika palepale. Baadaye akatokea Ndaki, miguu haimbebi, midomo ina rangi asiyoijua. Mariana alimshika uso kwa mikono miwili. Akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, bila kujua anamshukuru nani, Mungu au Rohit.

Ndaki alikunywa maji, akakaa, akapumua. Kisha akatabasamu.

"Tumeuona mkanda," alisema. "Dhahabu ile pale, mstari mzima unang'aa kwenye mwamba. Ndipo usingizi ukatushika."

Wanaume wote wakasogea. Hata Bujiku alisahau kichwa chake.

"Nipumzike kidogo nishuke, kabla haujakimbia." Ndaki aligeuza macho, akaliona anga. "Nani amekata turubai?"

Mariana alimweleza. Moshi, feni, maneno ya Rohit, yote. Ndaki alimsikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza mtoto.

"Rohit anauza spea," alisema. "Amezama duara gani? Mama Generosa, turubai limekaa siku chache tu na mkanda umejitokeza. Lishoneni, lirudi."

"Tunaweza kuacha kidirisha cha moshi," Bujiku alisema kwa sauti ndogo.

"Kidirisha nacho ni jicho."

Mmoja wa watu wa roda alikuwa ameshaanza kutafuta waya wa kushonea. Mariana aliwatazama usoni, mmoja mmoja, na woga uliokuwa umemtoka ukamrudia wote. Akaiendea injini, akaizima. Akaokota spana aliyoiacha Bujiku, akafungua plagi, akaichomoa kwa pindo la khanga. Ilikuwa ya moto, ikapenya kitambaa na kumuunguza kiganja. Akaifumbata hivyohivyo, akaondoka kuelekea barabarani.

"Mayu, mama, usilete utani," Bujiku aliita. "Lete plagi."

Plagi inauzwa Segese, duka lolote, na kabla jua halijazama wangekuwa wamepata nyingine. Mariana alilijua hilo. Nyuma yake alizisikia hatua za Ndaki, nzito, za mtu ambaye bado anasikia kizunguzungu, na sauti yake ikimwamuru asimame. Hakusimama, wala hakukimbia, asije akamwacha mbali, Ndaki akakata tamaa na kurudi shimoni. Alitembea mwendo wa mtu anayetaka kufuatwa, kiganja kikimuungua, akitegea sikio kila hatua, na kila alipoisikia alijua mumewe bado yuko juu ya ardhi.