Nne na Sita

Gololi nyekundu ilipanda ndani ya bomba la kioo, ikafika kwenye nne, ikagoma hapo. Nikakihamisha kipimo cha hewa kutoka kabureta ya mbele hadi ya nyuma. Gololi ikaruka hadi sita.

"Nne na sita, Fundi," nilisema.

"Hicho kioo kinadanganya," Rajinder Singh alijibu bila kuinua kichwa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwaka wa 1972, katika gereji yake nyuma ya soko la Nakuru. Gari lilikuwa la Shabir, muuza vitambaa aliyependa mwendo kuliko biashara. Jumapili angeshindana robo maili kwenye kiwanja cha ndege cha shamba moja upande wa Njoro. Magari mawili, mstari ulionyooka, basi. Mara mbili gari lake lilikuwa limesita pale anapokanyaga mafuta, na mara mbili akaachwa.

"Likisita tena, Mzee Singh," alikuwa amesema, kwa upole wa mtu anayekuheshimu, "itabidi nilipeleke Nairobi." Sote tulijua wateja wengine wangemfuata.

Kwa miaka thelathini Fundi Rajinder hakuhitaji kipimo. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, akasikiliza hewa inavyovutwa. Kabureta zote mbili zikitoa sauti moja, kazi imekwisha. Watu walileta magari kutoka Ndabibi na Olenguruone kwa sababu ya sikio hilo. Mimi alinichukua mwaka wa uhuru, nilipoacha kuendesha trekta ya mzungu, akanifundisha kila kitu ninachokijua. Kipimo kilinunuliwa na Shabir. Fundi alikipokea kama mtu anayepewa chakula asichokula, akakiweka rafuni.

Sikutaka kioo kiwe kinasema kweli. Nilianza kukitafutia kosa. Nilikipaka grisi chini pale kinapokaa ili hewa isipenye pembeni: nne na sita. Nilikipeleka kwenye pikapu yenye kabureta moja, nikapima mara tatu, na mara tatu kikasema tano. Kilikuwa na msimamo. Nikageukia injini. Labda ilivuta hewa kupitia ufa. Nikadondosha oili kwenye viungo, kimoja kimoja, nikisubiri sauti ibadilike au moshi utoke. Hakuna kilichobadilika. Lililobaki ni moja tu: kilango cha hewa cha kabureta ya nyuma kilifunguliwa kupita cha mbele, na aliyekifungua ni Fundi.

Alasiri alisikiliza upya, nami nikamtazama. Alisimama katikati ya kabureta mbili kama alivyosimama siku zote. Ya mbele aliisikiliza kwa sikio la kushoto. Kisha, bila kusogeza miguu, akahamisha mpira kwenye sikio la kulia kwa ile ya nyuma. Akakunja uso. Akaongeza hewa kidogo nyuma. Akaongeza tena. Akaafiki kwa kichwa, ameridhika.

Nilizima injini, nikaenda nikasimama kulia kwake, hatua moja tu.

"Fundi," nilisema.

Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa.

"Fundi Rajinder."

Alikunja kitambaa vizuri, akakiweka mfukoni, akaenda zake kunywa chai. Nilibaki nimeshika gari kana kwamba ni mimi niliyeambiwa habari mbaya.

Jumamosi, alipokwenda nyumbani kula, nilichukua bisibisi. Nikapunguza nyuma, nikaongeza mbele, hadi gololi ikasimama kwenye tano pande zote. Ilichukua dakika kumi. Nilijiambia ni heshima: gari litashinda, naye hatajua.

Aliporudi aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake. Mkono wake haukuwa umepoteza kitu.

"Nani amegusa?"

"Mimi, Fundi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu jana."

"Mimi tangu mwaka jana." Aliangalia mlango, kuhakikisha tuko wawili. "Hekaluni wanaimba, mimi nasikia upande mmoja tu. Hata mama watoto sijamwambia. Nilifikiri hapa nitaweza kuficha."

Niliiokota bisibisi niliyoitumia, nikaifuta.

"Ungeniambia, Kipkemei."

"Ningekuambia nini, Fundi?"

"Hivyo hivyo ilivyo. Gari umetengeneza. Mimi umeniacha peke yangu." Hakupandisha sauti, na ningependelea apandishe. Kisha akavuta stuli. "Leta kioo. Pima, nione."

Kwa mara ya kwanza aliinama hadi ndevu zake nyeupe zikakaribia bomba. Tano. Nikakihamishia nyuma. Tano. Akaniuliza jinsi ya kukishika ili kisiegemee, nami nikamwonyesha, nikiona aibu ya kumfundisha mtu aliyenifundisha.

Jumapili gari la Shabir halikusita. Liliondoka kama kitu kilichokuwa kimezuiliwa siku nyingi, na vumbi lilipotulia lilikuwa mbele kwa urefu wa magari mawili. Watu walikimbilia kwa Fundi. Shabir mwenyewe alimshika bega la kulia, akapaza sauti juu ya makelele:

"Mzee Singh! Hayo masikio yako hayana mwenzake Kenya nzima!"

Fundi alitabasamu tabasamu la mtu asiyejua ameambiwa nini, na Shabir akasubiri jibu. Nilizunguka nyuma yao, nikasimama kushoto kwake, nikayarudia maneno yale, polepole, yote.

Aliniangalia. Kisha akamgeukia Shabir.

"Hili moja limekufa," alisema, akigusa sikio la kulia mbele ya watu wote. "Ongea na Kipkemei. Yeye ndiye aliyepima."