Kitanda cha Lamarcus

Bibi Arvella Stukes alipanda hadi ghorofa yetu ya sita Jumanne moja, kichwani kofia ya kanisani, mikononi keki ya siagi iliyofunikwa kwa kitambaa. Mlinzi wa chini alimruhusu kupita bila miadi. Nilipoteremka jioni niliona makombo kwenye tai yake, nikaelewa.

"Nani hapa ndiye mwenye hesabu ya watakaofungwa?" Bibi Stukes akauliza.

Tulikuwa wawili tu chumbani. Mwenzangu Thaddeus Boone, mtu ambaye akiona mzaha unapita lazima audandie, alininyooshea kalamu yake.

"Huyu hapa, mama. Dada Corliss. Magereza ya jimbo zima yamo kwenye kompyuta yake."

Masikio yaliniwaka moto. Kazi yetu si ya kuogopesha hivyo. Majaji wanatuletea fomu ya kila hukumu, tunaangalia kama imefuata mwongozo wa adhabu, kisha kila mwaka tunakadiria magereza yatahitaji vitanda vingapi mwaka unaofuata. Rasimu yangu ya mwaka huo ilikuwa imefikia 31,207. Gazeti la Jumapili lilikuwa limeidaka na kuandika kwa herufi nene kwamba serikali imeshawahesabu wafungwa wa mwakani. Bibi Stukes alikuwa na ukurasa huo mkobani, umekunjwa mara nne.

"Wamo hata ambao hawajakosa bado?"

"Wamo," nikasema, "lakini si kwamba..."

"Basi mjukuu wangu yumo. Lamarcus Stukes. Nimekuja umtoe."

Maelezo ninayo. Nimewahi kuyatoa mbele ya wabunge, pamoja na michoro: kwamba kompyuta haina majina, kwamba inatazama miaka iliyopita na kukisia wingi wa watu, haimkisii mtu. Lakini wabunge hawavai kofia yenye manyoya ya zambarau, wala machozi hayawalengilengi wanapotazama michoro.

"Ana kifungo cha nje," aliendelea, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Akiteleza kidogo tu, ni mwaka na nusu ndani. Na si mwizi, mwanangu. Alikuwa tu kwenye gari na wezi, na kwa ujinga wake ndiye aliyekuwa ameshika usukani."

"Huyo tunamwita dereva, mama," Thaddeus akasema.

"Wewe nyamaza. Hujakatiwa keki bado."

Bibi Stukes akanigeukia na kunitazama usoni, akingoja. Sijui kukataa mtu anayenitazama hivyo. Nilivuta kibodi, nikafuta saba, nikaandika sita.

"Ametoka?"

"Ametoka," nikanong'ona.

Akatukatia keki. Kipande changu kilikuwa kinene kama tofali. Cha Thaddeus kilikuwa chembamba hata ungesoma gazeti lililo nyuma yake.

Nilikusudia kurudisha ile saba baada ya saa za kazi. Lakini nilipokaa peke yangu mbele ya skrini, kidole juu ya kibodi, niliona kama ni mimi ninayemshika kijana mkono na kumwingiza ndani. Nikazima kompyuta. Kamati ya bunge ikapitisha 31,206 bila swali hata moja. Katika watu elfu thelathini na moja, nani atagundua kwamba mmoja amepungua?

Majira ya joto ya mwaka uliofuata simu ikalia.

"We binti! Si ulisema ametoka?"

"Bibi Stukes? Kuna nini?"

"Lamarcus kaenda kwa binamu yake, karamu ya samaki. Kavuka mto! Ng'ambo ya mto ni jimbo jingine, na yeye haruhusiwi kuvuka bila kibali. Kesho asubuhi yuko mbele ya Jaji Tarwater."

Nilipotua simu, Thaddeus alikuwa ameacha kujifanya anafanya kazi.

"Tarwater!" akasema. "Pole yake. Nenda, Corliss. Ni mteja wako huyo."

Jaji Imogene Tarwater tulimjua kwa fomu zake. Jaji anapotoka nje ya mwongozo sharti aandike sababu, kisha mimi naitafutia namba yake kwenye orodha: ugonjwa, umri, majuto, na kadhalika. Sababu za Jaji Tarwater hazikuwa na namba. Mara moja aliandika "Mwulizeni mama yake." Tulipomtumia barua ya kumwomba afafanue, alijibu, "Someni tena." Na hakuwa mpole. Akitoka nje ya mwongozo, mara nyingi alitokea upande wa kuongeza.

Nilikwenda mahakamani nikiwa na nia ya kukaa benchi la nyuma kabisa, nisionekane. Lamarcus alikuwa kijana wa miraba minne, mikono ya koti la kuazima imeishia mbali na viganja, kichwa ameinamisha kama anayetafuta sarafu sakafuni. Afisa wake wa uangalizi, Bwana Gantt, alieleza kwamba alimwona kwa macho yake mwenyewe ng'ambo ya mto.

"Na wewe ulikuwa ukifanya nini huko?" wakili wa Lamarcus akauliza.

"Nilikuwa kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

Bwana Gantt akakohoa. "Ya kambare."

"Walikuwa watamu?" Jaji Tarwater akauliza, bila kuinua macho.

"Sana, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka hakucheka. Alisema samaki hawahusiki, masharti ni masharti, mshtakiwa alipewa nafasi yake na ameila pamoja na kambare. Mwongozo unasema mwaka mmoja na nusu. Kicheko kikakatika. Niliona mabega ya Lamarcus yakishuka, na ile kofia ya zambarau mbele yangu ikitikisika kidogo kidogo.

"Kuna la kuongeza?" Jaji akauliza.

Wakili alitikisa kichwa. Kofia ikasimama.

"Mheshimiwa, huyu hayumo kwenye hesabu."

"Hesabu gani, mama?"

"Ya wafungwa wa mwaka huu. Serikali ilishamtoa. Muulize yule binti pale nyuma, anajificha."

Chumba kizima kikageuka. Nilitamani benchi linimeze.

"Simama, binti," Jaji akasema. "Wewe ni nani?"

Nikasimama, nikataja jina langu na ofisi yangu. Sauti yangu niliisikia kama inatoka chumba cha pili. Jaji Tarwater alivua miwani polepole.

"Ofisi ile ya barua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kumbe mna nyuso. Haya, ni kweli mmemtoa huyu?"

"Mheshimiwa, sisi hatuna majina. Tunakadiria idadi tu."

"Sikukuuliza mna nini. Nimekuuliza kama mmemtoa."

Mwendesha mashtaka alikuwa akitabasamu. Ningeweza kusema hapana. Kwa kanuni zetu zote, jibu hilo ndilo lingekuwa sahihi, na ningerudi ofisini salama. Lamarcus aligeuka kunitazama, na alikuwa na macho yale yale ya bibi yake.

"Nilipunguza mmoja," nikasema.

"Mmoja yupi?"

"Huyu, Mheshimiwa. Nilipobonyeza nilikuwa nikimfikiria yeye. Ripoti ikachapishwa hivyo, na wabunge wakatenga fedha kwa idadi hiyo. Kitanda chake hakikuwekwa."

"Pingamizi!" mwendesha mashtaka akasema. "Huu si ushahidi. Hili ni... mimi hata sijui ni kitu gani."

"Ni makadirio rasmi ya serikali," Jaji akajibu. "Wewe mwenyewe ulinisomea ukurasa mzima wa ripoti hiyo mwezi uliopita, ulipotaka niongeze adhabu. Kaa chini." Akarudi kwangu. "Tangu niketi kiti hiki, ofisi yako inaniandikia kwamba hukumu zangu zinawavurugia hesabu. Nyingine zinawavuruga huku, nyingine kule. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mheshimiwa. Kwa heshima."

"Kwa heshima!" Nadhani alikaribia kucheka, lakini sina hakika, maana alikuwa ameshamgeukia Lamarcus. "Kijana, utamaliza kifungo chako nje. Mto ule usiuvuke mpaka muda uishe. Ukitaka kambare, kaanga wa upande huu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Na wewe Gantt, vivyo hivyo."

Nje kwenye ngazi, Bibi Stukes alinibana kifuani mpaka manyoya ya kofia yakaniingia mdomoni. Lamarcus alisimama kando, akitafuta mahali pa kuweka mikono. "Asante, dada," alisema mwishowe. "Kweli nilikuwemo?"

Nikamwambia sasa hayumo. Hilo nilikuwa na hakika nalo.

Wiki iliyofuata fomu ilifika mezani kwangu. Kwenye nafasi ya sababu, kwa mwandiko ninaoujua, Jaji Tarwater alikuwa ameandika: "Hamkumwekea kitanda."

Thaddeus alisoma juu ya bega langu. "Itie 'nyinginezo', tulale salama."

Nilikuwa bado naitafutia namba kwenye orodha, simu ya mezani ikalia. Ni mlinzi wa chini, na alizungumza kama mtu mwenye kitu mdomoni.

"Dada Corliss, kuna akina bibi hapa, watano au sita, kofia tupu. Wanasema wanatoka kanisa la Bibi Stukes na wana wajukuu. Kuna kijana mkubwa anawabebea masinia, koti limembana. Niwaambieje?"

"Wana nini kwenye masinia?" Thaddeus akadakia.

"Pai za viazi vitamu. Na keki. Moja ni ya nazi."

Nilitazama skrini. Rasimu ya mwaka unaofuata ilikuwa wazi, namba ya mwisho bado haijakauka. Nilijaribu kukumbuka yale maelezo yangu yenye michoro, na safari hii niliyakumbuka yote, neno kwa neno.

"Waambie wapande," nikasema, "lakini mmoja mmoja."

Thaddeus alikuwa ameshafungua droo, anatafuta uma.