Faili Lipo, Seva Yasema Halipo

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa ndiyo kwanza amesakinisha programu mpya kwenye seva ya maabara. Hajamaliza hata kunyoosha mgongo, simu ikalia.

"Majibu ya damu hayatufikii huku upasuaji," alisema muuguzi mkuu. "Kuna mzazi anavuja damu. Maabara wanapima upya kwa mkono, lakini damu ya akiba inayomfaa kila mtu inakaribia kutuishia."

Fundi akairudia kibodi. Aliyeigusa seva ni yeye, si mwingine. Akaiita skripti, lile faili la maagizo mafupi yanayopeleka majibu. Seva ikajibu: faili halipo.

Amelifuta? Akafungua folda. Faili hilo hapo, limetulia tuli. Akaliita tena. Halipo!

Akampigia mwenzake aliyekuwa likizo, waliyezoea kumwita Kipara.

"Kaka, nimeua mtu."

"Hujaua mtu, dada. Vuta pumzi, unisomee mstari wa kwanza wa hilo faili."

Mstari ulitaja programu ya zamani, ile inayosoma maagizo na kuyatekeleza.

"Hiyo yenyewe ipo?"

Akaitafuta. Haipo. Usakinishaji ulikuwa umeiondoa ili kuipisha mpya. Seva ilimuuliza kabla, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Kumbe faili lilikuwepo; aliyetoweka ni msomaji wake.

Akaagiza toleo la zamani la programu lirudi. Seva ikagoma: matoleo mawili yanagongana.

"Usilazimishe," Kipara akasema. "Liweke kwenye folda yake, pembeni ya jipya."

Akaandika kwa haraka, akakosea herufi mara kadhaa. Hatimaye akaiita skripti. Safari hii seva haikulalamika. Hakungoja simu; alitimua mbio hadi mlango wa upasuaji.

"Majibu yamefika, damu inaingia," muuguzi akamwambia.

"Na mama?"

"Bado hatujui."

Akajibwaga kwenye benchi, kando ya mwanamume aliyepakata ndara za kike.

"Pole, dada. Na wewe una mgonjwa humu?"

Akatikisa kichwa tu, nao wakangoja bega kwa bega mpaka daktari alipotoka.

"Shemeji, mkeo amezinduka. Anamuulizia mtoto."

Yule mwanamume akamkumbatia fundi, asijue anamkumbatia nani. Fundi akalia kwa kwikwi, na hofu ikakataa kumtoka.