Mtetemeko Kwa Igoki

Kwenye baraza la chifu hapa Kiritiri, msichana wa utafiti anayeitwa Lorna aliuliza nani atatoa kipande kidogo cha shamba wafukie mtambo wa kusikiliza ardhi ikitetemeka. Hakuna aliyejitokeza, kila mmoja akiamini hao ni watu wa madini wanaotaka kuchukua ardhi. Mimi nikainua mkono. Mwaka ulikuwa umeisha tangu nimzike mume wangu, Ireri, na yule msichana alikuwa amenisalimia kwa mikono miwili.

Majirani wakasema Igoki ameuza ardhi. Hakuna anayekanyaga kwangu tena, na wasikanyage. Nilikuwa na Lorna. Kila mwezi alikuja kubadilisha betri, kisha anakaa jikoni na kunieleza vile mwamba unavyokatika huko chini. Mengi sikuelewa. Nilikuwa nauliza tu ili asiinuke.

Halafu mtambo ukawekewa sola na laini ya simu. Habari zikawa zinaenda ofisini zenyewe. Miezi mitano sikumwona. Upweke uliniuma, nikaitukana hata hiyo sola.

Jumatatu moja nikabeba kinu changu, nikakiweka hatua tatu kutoka kwa mtambo, nikatwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda, hadi mabega yakakataa. Jumanne tena. Jumatano simu ikalia. Alikuwa Lorna, anayeniita shosho kama bibi yake.

"Shosho, huko ni kwema? Tunaona mitetemo hatuielewi."

"Mimi mzee hivi najua nini? Kuja uone mwenyewe."

Alikuja Ijumaa na dereva. Nilikuwa nimepika ule muthokoi wote na kunde. Akakiona kinu, akaona makapi yametapakaa juu ya mtambo. Nilingoja anigombeze. Badala yake aliketi akala, akaongeza, na mimi furaha ilinijaa hadi nikasahau sahani yangu.

Ndipo akasema, macho yakiwa chini, "Shosho, ofisi iliamua jana tuuhamishe. Tumepata mahali kule Ruiri."

"Kwani hapa pana ubaya gani? Kinu nitakirudisha jikoni."

"Si wewe, shosho. Mtambo unataka mahali hakuna watu."

"Lorna," nikamwambia, "hata hapa hakuna."

Alinishika mkono, hakuuachilia. Nje, dereva alikuwa ameanza kuchimba.