Jua la Ukutani kwa Bibi

Mjomba Tiburcio, jirani yao, anasema marehemu baba yake Nélida alimruhusu kujenga ghorofa. Ati siku ukuta mweusi ulipokamilika, chicha, pombe ya mahindi, imeshawakolea, baba alimshika bega akamwambia, "Jirani, ukipata uwezo jenga, panda hata mpaka mawinguni." Aliyesikia ni yeye peke yake, na baba hayupo wa kuulizwa.

Ukuta huo ndio unaomweka bibi hai. Umepakwa rangi nyeusi, nje umefunikwa vioo, umetobolewa matundu juu na chini. Mchana unakunywa jua, ambalo huku hupita upande wa kaskazini. Usiku, maji ya ndoo yakiganda uani, unapumulia joto chumbani. Bibi huuegemea kwa mgongo, kifua kikatulia.

Sasa mtoto wa Tiburcio ameleta matofali kutoka mjini Juliaca. Ghorofa inapanda, upande uleule wa kaskazini, karibu kabisa na vioo.

Na Nélida ni mmoja wa wanaobeba matofali. Angefanyaje? Tiburcio aliukandika ukuta ule pamoja na baba bila kudai chochote, na hapa kijijini kazi hulipwa kwa kazi. Usipokwenda, viazi vyako utavuna peke yako, na siku ya msiba kaburi utachimba mwenyewe.

"We binti, mbona uso umesinyaa kama kiazi kilichopigwa na barafu?" Tiburcio alimtania kutoka juu. Watu wakacheka.

"Mjomba, kivuli kitaangukia vioo vyetu."

"Kwani kivuli kina uzito? Kitavivunja?"

"Bibi atapata baridi."

"Bibi yako ana blanketi la manyoya ya alpaka, mimi mwenyewe sina!" alidakia mke wa Tiburcio, Fortunata, akigawa supu. "Kunywa, mwanangu, usitutie nuksi siku ya kazi."

Nélida akanywa. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuuma zaidi.

Mchana ukuta wa ghorofa ulikuwa umeshapita vichwa vya watu. Kivuli kikapanda kwenye kioo cha kwanza, kisha cha pili. Nélida akaingia ndani. Bibi alikuwa ameweka kiganja ukutani.

"Leo kuna mawingu?"

"Ndiyo, bibi. Mawingu tu."

Nje hapakuwa na wingu hata moja.

Akarudi, akaokota tofali, akapanda ngazi.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Kona hii tu, ya upande wetu. Iache wazi, jua lipite."

Tiburcio alimwaga saruji kwenye kona ileile, akaisawazisha kwa mwiko, akanyoosha mkono apokee tofali.