Njia ya Nywele za Admirali

Baba yangu, Odero, alikuwa mfupi kuliko wanaume wote wa kota za reli pale Nakuru, na jambo hilo halikutajwa nyumbani kwetu. Kilichotajwa ni Admirali Mountbatten. Mgeni akiketi kwetu alipewa chai, na kabla kikombe hakijafika nusu alipewa na Admirali.

"Tulikuwa kisiwani Seloni," baba angeanza. "Milima ya majani chai, kama Kericho tu. Bado hatujapelekwa vitani Bama, kupigana na Wajapani. Mvua inanyesha, makoti yametuganda mwilini. Tukaambiwa anakuja mkubwa wa vita vyote vya upande ule. Na huyo mkubwa si mtu wa nchi kavu, ni baharia! Baharia katikati ya majani chai! Akaja. Akapanda juu ya sanduku, akatuita tusogee. Akavua kofia. Nami nikamwona mpaka njia ya nywele zake, imenyooka kama reli."

Hapo baba angetazama chini, karibu na miguu ya mgeni, kama mtu anayechungulia kisima. Niliisikia hadithi hiyo tangu aliporudi kutoka vitani, mimi nikiwa mtoto wa kufunga ushanga, na macho yake hayakuwahi kwenda juu hata siku moja. Niliona tu, sikufikiri.

Miaka kumi baada ya vita magazeti yakaandika kwamba Mountbatten amewekwa juu ya manowari zote za Malkia. Baba akakata picha yake, akaibandika ukutani kwa uji wa unga, juu ya kiti chake. Kazi ya baba ilikuwa kugeuza njia za treni pale stesheni, lakini wiki hiyo alitembea kama aliyepandishwa cheo yeye.

Mwaka huo huo Joash akaleta watu wa kwao waje kuniposa.

Joash alikuwa fundi katika karakana ya reli na mchezaji wa mpira katika timu ya Reli. Baba alimpenda kabla yangu, kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Mambo ya ng'ombe wa mahari yangezungumzwa nyumbani Nyanza. Siku hiyo ilikuwa ya kujuana tu, na kumpa mama fedha yake ya shukrani kwa kunilea. Mama alichinja kuku wawili. Baba yake Joash, Mzee Nicodemus Owuor, alitoka Njoro, alikokuwa nyapara wa shamba la ngano. Alikuwa mrefu hata ikambidi ainame mlangoni, na alipoketi magoti yake yakawa karibu na kidevu.

Mambo yakaenda vizuri. Wakasema habari za mvua, za ngano, za reli. Kisha Mzee Nicodemus akainua macho ukutani.

"Ala! Huyu si Mountbatten? Huyu nilimsikia kwa masikio yangu, Seloni."

Baba akaweka kikombe chini. "Ulimsikia. Mimi nilimwona."

"Kuona si kitu, Jaduong'. Maneno ndiyo kitu. Alisema na sisi kama ndugu, kofia yake kichwani."

"Kofia gani? Alivua kofia."

"Hakuvua."

"Alivua! Njia ya nywele zake niliiona kwa macho haya!"

"Ulisimama wapi?"

"Mbele."

Mzee Nicodemus akamtazama baba kutoka kichwani hadi miguuni, na safari yenyewe haikuwa ndefu. "Mbele tulikuwa sisi. Na mvua ile, na watu wale wote, mtu wa kimo chako, omera, angeona nini? Mikanda?"

Baba akasimama, jambo ambalo halikubadilisha mengi.

"Milcah! Rudisha kuku jikoni!"

"Odero, kuku ameiva," mama akasema kwa upole.

"Aivie huko huko! Binti yangu haendi kupika katika nyumba inayoniita mwongo."

"Na kijana wangu haoi kwa mtu anayejitungia maadmirali," Mzee Nicodemus akasema. Akainuka, akasahau mlango, akagonga kichwa puu! Baba akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Joash alinitazama kupitia dirisha la jikoni, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeachwa na treni.

Sikulia. Mama husema nina subira ya paka mlangoni mwa ghala. Nilimaliza darasa zangu chache, nikapata kazi ya kushona vifungo kwenye baraza ya duka la nguo la Mohanlal, na kazi ya vifungo humfundisha mtu kungoja. Lakini usiku ule niliwaza: baba akisema hapana mbele ya watu, harudi nyuma. Ni mtu wa reli. Akigeuza njia, imegeuka, mpaka apate sababu ya kuigeuza tena.

Binti yake Mohanlal, Shakuntala, alisoma sana. Wazungu waliokuwa wakirudi kwao waliuza vitabu vyao kwa mafungu, naye alinunua vya manowari na vita vya baharini. Mimi nikishona, yeye alinisimulia kwa Kiswahili.

"Leo kijana wetu wa kitabuni amekutana na Nelson," aliniambia Jumatatu ile.

"Nelson ni nani?"

"Admirali mkubwa wa Waingereza, zamani za merikebu za matanga. Jicho moja halioni, mkono mmoja hana."

"Alikuwako kweli?"

"Kweli kabisa."

"Na huyo kijana?"

"Wa kutunga."

"Sasa wamekutana wapi?"

"Mezani. Nelson amemsifu mbele ya wakubwa wote." Akacheka. "Vitabu hivi vyote ndivyo vilivyo, Truphosa. Kijana wa kutunga lazima apewe kiti karibu na admirali wa kweli, tena asifiwe."

Sindano ikanichoma kidole. Je, na baba alijipa kiti? Nikashona vifungo vya shati zima nikiwaza hivyo, moyo mzito. Kisha nikawaza tena. Kama baba alitunga, mbona alijitungia kidogo hivyo? Admirali hakumsifu. Hakumpa mkono. Hakumwona hata. Baba alijipa njia ya nywele tu, na nani angejitungia njia ya nywele?

Halafu nikasimamisha sindano. Mtu amesimama juu ya sanduku. Wewe uko chini. Utakiona kidevu chake, utaona matundu ya pua, lakini juu ya kichwa hutaona. Ili uone huko, lazima uwe umemzidi kimo. Na baba, kila aliposimulia, alitazama chini.

Jioni Joash akaja barazani, kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani.

"Nionyeshe baba yako anavyosimulia habari za Mountbatten," nikamwambia.

"Truphosa, yawa, hata wewe? Sitaki kulisikia jina hilo."

"Nionyeshe. Simama kama yeye."

Akasimama. Akainamisha shingo, akakunja ngumi mbili mbele ya kifua, akakoroma sauti ya baba yake: "'Alisema na sisi kama ndugu. Watu wakacheka, wakacheka sana...'"

"Walicheka nini?"

"Hajawahi kusema."

"Uso wa Admirali ulikuwaje?"

"Hajawahi kusema pia."

"Na shingo kwa nini imeinama?"

"Ndivyo anavyofanya siku zote."

"Na ngumi?"

Joash akazitazama ngumi zake kama ni za mtu mwingine. "Sijui. Kama ameshika kitu."

"Ameshika miguu ya mtu," nikasema. "Amembeba mtu mabegani."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Miguu ya nani?"

"Baba yako huinama akisimulia. Baba yangu hutazama chini. Niambie wewe."

"Basi twende tukawaambie sasa hivi!"

"Umwambie baba yangu kwamba Seloni alibebwa kama mtoto? Na kama nimekosea?"

Akakaa chini kwenye ngazi. Nikamaliza kifungo, nikakata uzi kwa meno.

"Jumamosi mnacheza na nani?"

"Na timu ya mashamba ya Njoro."

"Baba yako atakuja?"

"Hata akiwa na homa."

"Mwambie asimame nyuma ya goli la upande wa bohari. Hayo mengine yaache."

Jumamosi mvua ikaanza mapema. Baba alikuwa hajamsamehe Joash, lakini mguu wa kushoto ni jambo lingine. "Naenda kutazama Reli," alimwambia mama. "Siendi kutazama mtu." Mimi nilichelewa kupiga pasi shati lake. Nilichelewa sana. Tulipofika uwanjani, watu walikuwa wamejaa mpaka nyuma, wengine wamejifunika magunia. Nikamwongoza baba upande wa bohari, nyuma ya mtu mmoja mrefu aliyevaa koti la mvua la jeshi, kofia ya koti imemfunika kichwa chote. Baba naye alikuwa na koti lake la vita, pana, linalomfika kwenye viatu.

Baba akaanza kuruka. Akaruka kulia, akaruka kushoto, kama bisi katika sufuria.

"Nani ana mpira? Truphosa, nani ana mpira?"

"Sioni, baba."

Mara watu wakapiga kelele. Penalti! Penalti ya Reli! Mtu mmoja akasema, "Joash ndiye anapiga," na baba akashindwa kuvumilia.

"Wewe mlingoti! Sogea kidogo, na sisi tuone!"

Yule mtu hakugeuka. Macho yalikuwa kwa mwanawe. Alichuchumaa tu, polepole, magoti yakilia, akasema, "Mfupi hasogezewi, hubebwa. Panda."

Baba akasimama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa gizani. Niliona midomo yake ikiyarudia maneno yale bila sauti. Maneno hayo hayakuwa katika hadithi yake, sikuwahi kuyasikia. Alinitazama mimi. Nikatazama mpira.

Akapanda.

Mlingoti ukainuka na baba juu yake, na koti pana la baba likamwangukia yule mtu usoni kama pazia. Refa akapuliza filimbi. Joash akakimbia, akapiga kwa ule mguu wa kushoto, na uwanja wote ukapasuka kwa kelele.

Baba hakupiga kelele. Alikaa huko juu, kinywa wazi.

"Nini?" sauti ikatoka chini ya koti. "Imeingia? Sema basi! Koti lako limenifunika, sioni kitu! Usininyamazie kama yule mjinga wa Seloni!"

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Baba akafunika uso kwa mikono, nikadhani amekasirika, mpaka nilipoona mabega yake yanavyotikisika.

"Imeingia," akasema. "Kona ya kushoto. Na yule mjinga wa Seloni ni mimi."

Kisha mkono mrefu ukalisukuma koti kando, na uso wa Mzee Nicodemus ukatokea, umelowa, ukatazama juu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ndiwe uliyenipanda, nikabeba mzigo wote ule, nikaona giza tu, halafu ukapotea bila kuniambia hata neno moja?"

"Filimbi ililia, omera, kila mtu akakimbilia kikosi chake! Nilikutafuta mpaka jioni. Sikujua uso wako, nilijua kisogo tu."

"Ulinitafuta ukitazama wapi? Kwenye mikanda?"

Nikasema moyoni, yameharibika tena. Lakini safari hii baba alicheka kwanza, na Mzee Nicodemus akacheka kwa sababu baba anatikisika juu ya shingo yake.

"Nishushe," baba akasema.

"Sikushushi. Kwanza niambie. Miaka hii yote nauliza moyoni: walicheka nini?"

Basi baba akamwambia, pale pale, mpira ukiendelea na wao hawautazami. Akamwambia sanduku lilikuwa linayumba kwenye matope, na yule mkubwa wa vita vyote alinyoosha mikono kama mtoto anayetembea juu ya reli, ndipo askari wakacheka, naye akacheka nao. Mzee Nicodemus alisikiliza shingo imeinama, ngumi zimeshika miguu ya baba, macho amefumba.

"Na kofia?" akauliza.

"Alivua."

"Mimi nilidhani anayo tu. Baharia bila kofia ningemwazaje?" Akavuta pumzi. "Sasa nimemwona."

Alimshusha baba kwa uangalifu, kama anayetua kikapu cha mayai. Wakatazamana. Baba akajifuta mvua usoni, akanigeukia.

"Truphosa, kimbia umwambie mama yako aweke maji jikoni. Ana kuku?"

"Ana jogoo, baba."

"Huyo jogoo ana bahati mbaya," Mzee Nicodemus akasema.

Nikakimbia. Njiani Joash akanikuta, matope mpaka magotini, mpira ulikuwa umekwisha. "Umeona nilivyofunga?" akaniuliza. Nikamwambia ukweli: sikuona. Nilikuwa natazama watu.

Tulioana Agosti. Baba bado anasimulia, na picha bado iko ukutani, ila siku hizi hasemi alikuwa mbele. Anasema, "Nilikuwa mahali pa juu kidogo."

Na kama baba mkwe wangu yupo, hamwachi aendelee. Hujipiga bega na kumwambia mgeni, "Mahali penyewe ni hapa."