Ruhusa ya Kuamsha Pampu

Pampu yetu ni nzima. Nasema mapema, maana kuna fundi mmoja wa pampu alisema imekufa, tuizike. Ilikuwa ikipandisha maji toka mtoni mpaka kwenye matuta yetu ya kabichi hapa Mgeta, hadi kampuni iliyotuuzia ikafungasha na kuondoka. Kumbe kile kisanduku kinachoiongoza kilikuwa kikiiomba kampuni ruhusa kila kinapowashwa, na huko hakuna tena wa kujibu. Kikawa kinawasha taa nyekundu tu. Kabichi zikalegea masikio.

Mjukuu wangu Rosa, anayetengeneza kompyuta mjini, akapanda mlima na laptopu yake. Akanieleza kuwa prosesa ya kisanduku, yaani ubongo wake, si ya aina iliyozoeleka, lakini wapo watu walioitengenezea mfumo wa bure wa kuiendesha, na yeye anao. Kikwazo ni programu ndogo inayoamka kabla ya vyote. Mfumo usio na sahihi ya kampuni, inaukatalia mlangoni. Ufunguo wa kuilegeza, yaani faili la siri la kampuni, alibaki nao Tomasi, aliyekuwa fundi wa kampuni, mume wa mjukuu wangu mwingine, Agnes.

Nikamwita Tomasi. Akaniamkia vizuri, akakataa vizuri.

"Bibi, pampu ni yenu. Kilichomo ndani ni cha kampuni."

Nikamuuliza kampuni gani, hiyo isiyopokea simu? Akasema utaratibu ni utaratibu. Nilikasirika hata magoti yakasahau kuuma.

Sasa, kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Tomasi analima maharage kwenye shamba la ukoo wetu kwa kuwa kamwoa Agnes, basi. Asubuhi waliyopanga kuvuna nikawatangulia shambani na kigoda changu, nikaketi katikati ya tuta.

"Karibu, mume wangu," nikamwambia, maana kwa utani wa bibi na wajukuu, mume wa mjukuu ni wangu pia, hana pa kunikimbilia. "Jembe lako, mbegu zako. Kilichomo ndani ya udongo ni cha ukoo. Ngoja nimpigie mama yangu nikuombee ruhusa."

"Bibi, mama yako si alishafariki?"

"Ndiyo. Hapokei simu, kama kampuni yenu."

Agnes alicheka akakalia kapu. Tomasi akayatazama maharage, akanitazama mimi, akaenda kuleta ufunguo.

Siku hiyohiyo Rosa akauweka mfumo wake na maji yakapanda. Akaniuliza kama akifunge kisanduku kwa ufunguo wetu wenyewe. Nikamkatalia, ili atakayekuja kukitengeneza baada yetu akute pamefunguliwa.

Lakini bado nina hasira. Mto upo, pampu tulinunua, na bado ilibidi nikalie maharage ya watu ndipo kabichi zangu zinywe. Kigoda sijakirudisha ndani.